RUDOLF SCHINDLER: DAKTARI ALIYECHUNGULIA MATUMBO YA WATU NA KUYAPANGA KWA MAFUNGU

 Kama kawa, leo ni zamu ya kumleta mtu aliyetangulia mbele ya haki siku nyingi lakini kazi yake bado inatembea mitaani. Safari hii siyo mwanamuziki wala mpigania uhuru. Ni daktari wa tumbo. Msifunge ukurasa kwanza, dakika zenu za kafe hazitapotea!

Nianze na ilivyokuwa hadi nikamjua huyu mzee, maana shuleni hakutajwa hata siku moja.

Mama yangu mdogo anauza dagaa hapa Nyegezi. Kwa miaka kama mitatu hivi tumbo lilikuwa linamsumbua. Akila kidogo anashiba, chembe ya moyo inawaka, usiku halali. Sasa nyie mnajua mtaani kwetu: mtu akishika tumbo tu, daktari ni kila mtu. Jirani anasema vidonda vya tumbo. Konda wa daladala anasema vidonda vya tumbo. Muuza duka la dawa naye vidonda vya tumbo, chukua magnesi hizi utafune. Akatafuna magnesi mpaka midomo ikawa nyeupe kama amepaka chokaa. Akaacha maharage, akaacha pilipili, akaacha chai ya rangi. Ikapoa, ikarudi.

Mwisho ndugu tukachangishana, akaenda hospitali kumeza mpira, yaani endoskopi. Hakula tangu usiku. Akapuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalazwa ubavu wa kushoto, mpira ukapita. Dakika chache tu. Akarudi na karatasi. Mjomba akaipokea, akasikia kwamba hakuna kidonda chochote kilichoonekana, akawaka. Hela yote ile, halafu hakuna kitu? Nyumba nzima ikakubali kwamba tumeliwa.

Mimi nikaichukua ile karatasi. Kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na maneno ya kidaktari ambayo hakuna aliyetufafanulia: gastraitisi ya atrofi. Nikaja kafe, nikaandika hayo maneno kama yalivyo, nikaanza kusoma. Na mwisho wa ile barabara nikamkuta mzee mmoja wa Kijerumani mwenye jina la Rudolf Schindler. (Siyo yule Schindler wa kwenye sinema, yule ni mwingine kabisa, aliitwa Oskar na alikuwa mfanyabiashara.)

Huyu wetu alizaliwa Berlin tarehe 10 Mei 1888, ukoo wenye asili ya Kiyahudi. Hilo la Uyahudi lishikeni, litakuja kumgharimu.

Sasa kabla hajaingia uwanjani lazima mjue mpira ulikuwa umefika wapi.

Ugonjwa wa tumbo kuvimba ndani, yaani ule utando unaolifunika tumbo kwa ndani kuwaka na kuwa mwekundu, madaktari wa Ulaya waliujua kwa jina tangu zamani. Lakini waliuharibu wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na daktari mkubwa kule Ufaransa, François Broussais, aliyekufa mwaka 1838. Yeye kila ugonjwa aliupeleka tumboni. Homa, ni tumbo. Kichwa, ni tumbo. Na tiba yake ilikuwa kuwawekea watu ruba wawanyonye damu! Wafaransa walikuwa wanaagiza ruba kwa mamilioni kwa ajili ya huyu bwana. Upepo ulipogeuka, watu wakachoka naye, na ule ugonjwa nao ukatupwa pamoja naye. Daktari aliyesema mgonjwa wake ana gastraitisi akawa anachekwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuchekwa, na hii ni ya kweli kabisa. Tumbo lina asidi. Mtu akiwa hai utando unajilinda. Akifa, ndani ya muda mfupi tumbo linaanza kujiyeyusha lenyewe. Kwa hiyo daktari akipasua maiti kesho yake na kukuta utando umelegea, umebadilika rangi, hawezi kujua ni ugonjwa au ni uozo wa baada ya kufa. Kule Denmark daktari Knud Faber alijaribu ujanja wa kuingiza dawa ya formalini tumboni mara tu mtu anapokata roho, ili utando ukauke kama ulivyo. Akaonyesha kwamba ugonjwa upo kweli. Lakini bado huyo ni maiti. Mtu aliye hai, anayelalamika leo, utamwonaje ndani?

Mwaka 1868, mji wa Freiburg, daktari Adolf Kussmaul alipata jibu mahali pa ajabu kabisa: kwa mcheza mazingaombwe anayemeza panga. Yule jamaa alikuwa anaingiza chuma kirefu kooni mbele ya watu na kukitoa salama. Kussmaul akafikiri, kama panga linapita, bomba nalo litapita. Akamwita, akamwingiza bomba lililonyooka la sentimita 47. Likaingia! Tatizo ni taa. Ndani kulikuwa giza na hakuna alichoona cha maana. Mwaka 1881 Johann Mikulicz kule Vienna akaweka taa ya umeme mwishoni mwa bomba, akaona kidogo, lakini kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, ikaishia njiani.

Hapo ndipo Schindler anaingia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 alikuwa daktari kijana, akatumikia jeshini. (Vita hiyohiyo ilitufikia na sisi: Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka Waingereza walipoichukua Julai 1916.) Huko jeshini akaona jambo moja ambalo halikumtoka tena kichwani. Askari walikuwa wanakuja kwa wingi wakishika matumbo. Anawachunguza, kidonda hakuna. Kazi rahisi ilikuwa kusema wanatega, hawataki kurudi mstari wa mbele. Yeye akaamini kwamba wanaumwa kweli, ila ugonjwa wao uko mahali ambapo macho ya daktari hayafiki.

Nasema ukweli, niliposoma hapo nilimkumbuka mama mdogo na ile hasira ya mjomba.

Baada ya vita akafanya kazi hospitali ya Schwabing, München. Akachukua bomba gumu lililokuwepo, akalirekebisha, ikiwemo kuweka njia ya kupuliza hewa ili tumbo litanuke na kioo cha mbele kisizibwe na ute. Akaanza kuchungulia wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Kila alichoona akakiandika na kikachorwa. Mwaka 1923 akatoa kitabu na atlasi ya picha za ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Fikirini wadau, wakati huo hakukuwa na kamera ya kuingia tumboni. Daktari anachungulia kwa jicho moja, anakariri alichokiona, na picha inachorwa kwa mkono.

Lakini lile bomba lilikuwa silaha. Chuma kilichonyooka, mgonjwa amelala ubavu, kichwa kimevutwa nyuma kabisa ili mdomo, koo na umio viwe mstari mmoja, kama samaki aliyechomekwa kijiti tayari kubanikwa. Akishtuka tu, akikohoa vibaya, umio unatoboka. Na miaka ile umio ukitoboka ndiyo basi, maana penisilini ilikuwa haijaanza kutumika. Ilikuja kutumika kwa watu miaka ya 1940. Madaktari wengi wakasema huu ni uuaji, waache. Na hawakuwa wajinga, watu walikufa kweli mikononi mwa madaktari waliojaribu.

Hapa lazima nimtaje mke wake, Gabriele. Vitabu vingi vinampa mistari miwili lakini kwangu mimi huyu mama ni nusu ya hadithi. Kazi yake ilikuwa kukishika kichwa cha mgonjwa wakati bomba linaingia na muda wote likiwa ndani. Mgonjwa hawezi kuongea, hawezi kumeza mate, ameona chuma kinakuja. Anayemshika kichwa ndiye anayemtuliza, ndiye anayejua anataka kushtuka kabla hajashtuka, ndiye anayefuata kila mzunguko wa mkono wa daktari ili shingo isipishane na bomba. Kazi hiyo aliifanya na mumewe miaka na miaka. Schindler mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba mshika kichwa mbaya anaharibu kila kitu.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Schindler alishirikiana na fundi wa vyombo, Georg Wolf wa Berlin. Swali lao lilikuwa hili: picha inasafiri mstari ulionyooka, sasa utaipitishaje kwenye bomba linalopinda? Jibu likawa lenzi. Siyo mbili tatu, ni zaidi ya 40, fupifupi, zimepangwa karibukaribu, kila moja inampokelea mwenzake picha na kuisogeza mbele. Bomba likipinda kidogo picha haikatiki. Nusu ya juu wakaiacha ngumu, nusu ya chini wakaifanya springi iliyovikwa mpira, na mbele kabisa kidole laini cha mpira cha kuongoza njia, na taa ndogo. Mwaka 1932 kifaa kikawa tayari.

Halikuwa linapinda kama mpira wa leo, hapana. Lilijikunja kiasi tu. Lakini kile kiasi kilitosha kuokoa watu. Baadaye, mwaka 1940, Schindler alikusanya taarifa kutoka kwa madaktari wengi waliokuwa wanakitumia kifaa hicho Marekani, wagonjwa zaidi ya 22,000 wamechunguzwa, na vifo vilikuwa vya nadra mno. Kelele za uuaji zikapungua.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ile iliyofika mpaka kwenye karatasi ya mama mdogo.

Kuona ni jambo moja. Ukiona matumbo mia na kila moja unaliandika kivyake, hujamsaidia mtu. Schindler akataka kuyapanga kwa mafungu, ili daktari wa Berlin akisema neno, wa Chicago ajue anazungumzia tumbo la namna gani. Tumbo zima, alisema, lina rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, linang'aa, limelowa vizuri. Kutoka hapo ndipo unaanza kuhesabu kasoro.

Akatenga kwanza gastraitisi ya ghafla, ile ya mtu aliyekunywa kitu kibaya au kula sumu, inawaka na kupoa. Halafu ile sugu, ya miezi na miaka, ndiyo akaigawa.

Fungu la kwanza ni la juujuu. Utando una mabaka mekundu, umejaa maji kidogo, na juu yake umegandiwa na ute mzito wa kijivu usiotaka kutoka. Hili alilikuta sana.

La pili ni la kusinyaa, ndiyo hiyo atrofi. Hapa wekundu hakuna tena. Utando umekonda, umekuwa na rangi ya kijivu, mikunjo imepungua, na mishipa ya damu ya chini inaonekana kama inavyoonekana kwenye mkono wa bibi mzee. Vile vijitezi vinavyotoa asidi na vinavyosaidia mwili kuchukua vitamini B12 vinakufa kidogokidogo. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii anaweza kuishiwa damu bila kutoka damu popote. Na ndiyo maana magnesi hazimsaidii sana: unampunguzia asidi mtu ambaye pengine asidi yake imeshapungua!

La tatu ni la kunenepa. Utando umepoteza mng'aro, umekuwa kama kitambaa cha mahameli, una vinundu, mikunjo imekuwa minene kama barabara ya kokoto kabla haijamwagwa lami.

Akaongeza na fungu la matumbo yaliyokwishapasuliwa, maana zama zile mtu mwenye vidonda alikuwa anakatwa kipande cha tumbo, na kile kilichobaki kinavimba kivyake.

Kingine alichokifanya, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, ni kumrudia mtu yuleyule. Siyo kuchungulia leo na kumsahau. Anamwita tena baada ya miezi, baada ya miaka, anaangalia tumbo lilelile. Akaona kuna watu walianza na la juujuu na baadaye wakakutwa limesinyaa. Kumbe mafungu mengine yanaweza kuwa vituo vya safari moja. Hakuna maiti ingeweza kumwonyesha hilo.

Mpaka hapo mambo yake yalikuwa safi. Halafu siasa ikaingia.

Januari 1933 Hitler akashika madaraka. Machi mwaka huohuo ikafunguliwa kambi ya Dachau, kilomita chache tu nje ya München alikokuwa anaishi Schindler. Madaktari wenye asili ya Kiyahudi wakaanza kufukuzwa mahospitalini. Haikujali kwamba alitumikia jeshi la nchi hiyohiyo vitani. Akakamatwa, akafungwa, Dachau akaiona. Mtu aliyekuwa anafuatwa na madaktari kutoka nchi za mbali waje kujifunza kwake, sasa yuko nyuma ya waya.

Waliomtoa ni haohao wa mbali. Kulikuwa na daktari mwanamke wa Chicago, Marie Ortmayer, aliyewahi kwenda München akajifunza gastroskopi kwa mikono ya Schindler. Yeye pamoja na Walter Palmer wa Chuo Kikuu cha Chicago wakahangaika mpaka akapatiwa nafasi ya kufundisha huko. Mwaka 1934 akavuka bahari na familia yake. Umri miaka 46, anaanza upya kwa lugha ya wengine.

Hakukaa kimya. Chicago ikageuka makao makuu ya kuchungulia matumbo. Mwaka 1937 akatoa kitabu cha gastroskopi kwa Kiingereza, na kizazi kizima cha madaktari wa Marekani kikasomea humo. Mwaka 1941 akaanzisha chama cha wachunguzi wa tumbo, klabu ndogo tu, yeye ndiye rais wa kwanza. Klabu hiyo ipo hadi leo, imekuwa chama kikubwa cha endoskopi cha Marekani, na tuzo yake ya juu kabisa ina jina lake. Alikuwa mkali kwelikweli kwenye jambo moja: hakuna kumshika mgonjwa kabla hujafundishwa. Kifaa hiki siyo cha kujaribujaribu.

Mwaka 1943 akahamia Los Angeles, akaendelea kufundisha. Mwaka 1947 akatoa kitabu chake kinachoitwa kwa jina la ugonjwa wenyewe, Gastritis, kurasa na kurasa juu ya ugonjwa ambao alipokuwa kijana ilikuwa ni aibu kuutaja. Mwaka 1958 akaenda Brazil, Belo Horizonte, akafundisha kama miaka miwili, na hapo umri wake ni wa mtu wa kukaa kibarazani kunywa kahawa.

Mwaka 1964 Gabriele akafariki. Baada ya hapo mzee akafanya jambo ambalo mimi bado linanishangaza: akarudi Ujerumani, München, mji uleule. Akaoa tena. Na hapohapo, Septemba 1968, akafariki akiwa na miaka 80.

Sasa wadau, nisiwafanyie ushabiki. Je, mzee alikuwa sahihi kwa kila kitu? Hapana.

Silaha yake ilikuwa jicho, na jicho linadanganywa. Mwaka 1949 Ian Wood na wenzake kule Australia walitoa taarifa ya mrija mdogo unaonyofoa kipande cha utando wa tumbo bila kupasua, kikaenda kwenye hadubini. Watu walipoanza kulinganisha, wakakuta mara nyingine jicho linasema wekundu na hadubini inasema hamna kitu, au jicho linasema safi na hadubini inakuta moto. Fungu la kunenepa ndilo lililoumbuka zaidi. Wengi waliopewa jina hilo, kinyama chao hakikuonyesha unene wowote wa kweli. Fungu la kusinyaa lilisimama vizuri zaidi.

Vifaa navyo vikamwacha. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, alimeza mwenyewe mpira wa kwanza wa nyuzi za kioo, unaopinda kila upande. Bomba la lenzi likaanza safari ya kwenda makumbusho.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Maisha yake yote Schindler aliutazama moto, hakumwona aliyeuwasha. Kuna watu waliopita karibu sana. Mwaka 1940 kule Boston, Freedberg na Barron waliona vijidudu vya mzunguko kama springi kwenye matumbo yaliyokatwa kwa upasuaji. Mwaka 1954 Palmer mwingine, Eddy, akapima vinyama zaidi ya 1,000 na hakuona mdudu hata mmoja. Basi, mjadala ukafungwa kwa karibu miaka 30! Ni mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walipomwotesha yule mdudu maabara mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall akamnywa kabisa, akaugua, akamezeshwa mpira, na kinyama chake kikaonyesha tumbo limevimba. Mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Ndiye huyu H. pylori tunayepimwa sasa kwenye maduka ya maabara kila kona.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile gastraitisi sugu aliyoipanga Schindler ilikuwa kazi ya bakteria anayetibika kwa vidonge. Hakujua. Alikufa miaka 14 kabla.

Mwaka 1990 wataalamu walikutana Sydney, wakapanga upya. Mfumo huo wa Sydney unataka daktari aandike alichokiona kwa jicho na pia achukue vinyama, vya sehemu ya chini ya tumbo na vya katikati, halafu hadubini iseme: kuna moto kiasi gani, umesinyaa kiasi gani, mdudu yupo au hayupo. Mafungu ya jicho yakawa saba, kuna la wekundu, la michubuko bapa, la michubuko iliyoinuka, la kutoka damu, la nyongo inayorudi juu, la mikunjo minene, na la kusinyaa. Mnaliona hilo la mwisho? Ni la mzee.

Na kwa nini hilo neno siyo la kupuuza: tumbo lililosinyaa kwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu, siyo wote, linaweza kuelekea kwenye saratani. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo anaambiwa arudi kuangaliwa, hata kama hana kidonda hata kimoja.

Niongeze la hapa kwetu, maana kanda ya ziwa ina mambo yake. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2012 uliangalia wagonjwa 240 waliokuwa wanatoka damu tumboni na wakamezeshwa mpira. Takriban nusu yao chanzo kilikuwa mishipa ya umio iliyotuna, jambo ambalo huku ziwani linahusishwa sana na kichocho kuharibu ini. Vidonda vilikuja nyuma, kama robo. Sasa mtu anatapika damu Igombe au Ilemela, mtaa mzima unasema vidonda, anapewa magnesi!

Turudi nyumbani. Nilichapisha kurasa tatu hapa kafe, nikampelekea mjomba. Hakuzisoma, aliniuliza tu kwa mkato kama kuna ugonjwa au hakuna. Nikamwambia upo, na una jina. Akanyamaza.

Mama mdogo akarudi hospitali na ile karatasi yake. Safari hii alienda na maswali. Kumbe vinyama vilishachukuliwa siku ileile ya mpira, majibu yalikuwa yanamsubiri na sisi hatukujua kama kuna kurudi. Mdudu alikuwepo. Akapewa dawa za siku 14, antibayotiki aina mbili na omeprazo, akaambiwa asiruke hata kidonge kimoja hata akijisikia nafuu, na aache zile dawa za maumivu alizokuwa anameza kila mgongo ukiuma, maana nazo zinachubua tumbo. Damu yake ilipopimwa ilikuwa pungufu, akaanzishiwa tiba ya hiyo pia.

Nafuu ameipata, siyo ya kurukaruka lakini usiku analala. Utando uliosinyaa haurudi kwa wiki mbili. Amepangiwa tarehe ya kurudia kumeza mpira, na tarehe hiyo ameiandika kwa makaa ukutani juu ya mlango, anasema karatasi tutaipoteza.

Juzi nilimwonyesha picha ya Schindler kwenye simu, mzee mwenye miwani. Akaiangalia muda mrefu, halafu akauliza yule mama aliyekuwa anashika vichwa vya watu yuko wapi kwenye picha. Nikatafuta mpaka salio likaisha, sikumpata.

Mwenye picha ya Gabriele Schindler aiweke hapo chini kwenye maoni. Na wale mliowahi kumeza mpira, semeni ilikuwaje, ili wanaoogopa wasikie kutoka kwenu.